Gumroad iliendeshwaje bila mwajiriwa wa muda wote

Januari 2021 Sahil Lavingia, mwanzilishi wa kampuni ya mtandaoni ya Gumroad, aliweka hadharani maelezo ya namna anavyoiendesha kampuni yake. Watu walioifanyia kazi walikuwa 25. Hakukuwa na vikao, hakukuwa na tarehe za mwisho, na hakukuwa na mtu wa muda wote hata mmoja, yeye mwenyewe akiwemo. Wengine wote walilipwa kwa saa, kila mtu akiwa kwake. Mapato wakati huo yalikuwa yakienda kwa kasi ya dola milioni 11 kwa mwaka, na yalikuwa yakikua kwa asilimia 85.

Maelezo hayo yalisambaa sana, na kila msomaji alichota alichokipenda. Wenye biashara walifurahi kusikia kwamba mishahara ya kudumu inaweza kufutwa. Mafrilansa, yaani wanaofanya kazi kwa kujitegemea, walifurahi kusikia kwamba vikao vinaweza kufutwa. Ukisoma kwa makini unaona kwamba hayo mawili ni matokeo tu, na kilichoiendesha kampuni kiko kwingine. Nakirudia kisa hiki kwa sababu biashara nyingi za kwetu sasa zina mbunifu aliyeko Nairobi, mhariri wa video aliyeko Arusha na mtu wa tovuti aliyeko Kampala, na wenye biashara hao utawasikia wakilalamika kwamba watu wa mtandaoni hawaaminiki.

Gumroad ni tovuti ya kuuzia kazi za kidijitali. Mwandishi anapandisha kitabu chake, mwalimu masomo yake ya video, mnunuzi analipa kwa kadi, Gumroad inakata fungu lake na kumpelekea muuzaji kilichobaki. Lavingia aliianzisha 2011 akiwa hajafikisha miaka 20. Alikuwa mbunifu Pinterest, mtandao wa kuhifadhi na kushirikishana picha, kampuni hiyo ikiwa bado changa. Alichora ikoni ya penseli, akataka kuiuza kwa dola moja, akaona hakuna njia rahisi ya kufanya hivyo, basi akaunda toleo la kwanza la tovuti mwishoni mwa juma. Wawekezaji wakampa dola milioni 1.1, na mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Kleiner Perkins wakaongoza awamu ya pili ya dola milioni 7.

Fedha ya aina hiyo haitaki kampuni inayokua taratibu. Gumroad ilikua, lakini kwa mwendo wa kawaida, na ilipofika 2015 hakupatikana mwekezaji wa kuongeza. Watu 20 wakapunguzwa hadi 5. Baada ya muda hao nao wakaenda zao, akabaki peke yake na tovuti iliyojaa wauzaji wanaosubiri malipo yao. Kleiner Perkins baadaye waliirudishia kampuni hisa zao kwa dola moja. Yeye akahama San Francisco, akaenda Provo katika jimbo la Utah kuhudhuria darasa la uandishi wa hadithi la mwandishi wa riwaya Brandon Sanderson. Jambo hilo linaonekana la pembeni, ila mimi silipuuzi: mtu aliyehama mji ili ajifunze kuandika hashangazi akiishia kuendesha kampuni nzima kwa maandishi.

Hapo ndipo kazi za kwa saa zilipoanzia. Kazi ilikuwepo, lakini hakuwa na uwezo wa kumwahidi mtu ajira ya mwaka mzima. Akachukua wahandisi wachache wa programu kwa mkataba kutoka BigBinary, kampuni ya India. Kati ya San Francisco na India kuna tofauti ya saa 12 na nusu au 13 na nusu kutegemea msimu, yaani huyu akiamka yule yuko kitandani. Ukitaka kikao cha pamoja na watu walio mbali kiasi hicho, lazima mmoja akeshe. Kwa hiyo kufuta vikao kulichangiwa na hali halisi, kabla hakujawa falsafa ya mtu kujivunia.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ilivyopita mikononi mwa watu. Mgeni aliyejiunga na Gumroad hakupewa bosi wa kumfuata. Alionyeshwa foleni ya kazi iliyoandikwa katika Notion, programu ya kuandikia na kupangia kazi, akachagua moja, akaanza, akauliza palipomtatiza. Maswali na majibu yalikwenda kwa maandishi, GitHub (mahali wahandisi wanapohifadhi na kukagua programu zao) na Notion kwa wingi, Slack (programu ya ujumbe wa kazini) mara mojamoja, na matarajio yalikuwa mtu ajibiwe ndani ya saa 24. Lavingia alieleza wazi kwamba utaratibu huu unamhitaji kila mmoja aandike vizuri na aandike sana.

Fikiria maana ya hilo kwa mwenye kampuni. Ili mtu aliyeko Pune, India, au Nairobi achague kazi na kuianza bila kukupigia simu, kazi hiyo lazima iwe imeandikwa mpaka imeeleweka: tatizo ni nini, linampata nani, kazi ikikamilika itaonekanaje, kipi kisiguswe. Kuandika hivyo huchukua muda, na muda huo anautumia mwenye kazi kabla saa ya frilansa haijaanza kuhesabiwa.

Upande wa pili wa kazi kuna lango. Katika GitHub mhandisi hapeleki mabadiliko yake moja kwa moja kwa wateja. Anayawasilisha, mwingine anayasoma mstari kwa mstari, anatoa maoni, na yakikubaliwa ndipo yanaingia. Kanuni ya Gumroad ilikuwa kwamba kitu kinatoka pale kinapokuwa bora kuliko kile kilichopo hewani sasa. Hakuna tarehe, lakini kuna kipimo, na kipimo hicho ni kigumu kuliko tarehe nyingi. Tarehe unaweza kuitimiza kwa kazi ya ovyo.

Juu ya yote palikuwa na swali moja la kupangia vipaumbele: je, jambo hili litawaongezea wauzaji wetu kipato? Ratiba ya mambo yanayokuja iliwekwa wazi kwa umma, kwa hiyo hata frilansa wa saa tano kwa wiki aliweza kujua kwa nini kazi hii iko juu ya ile bila kuuliza.

Hiki ndicho nilichokiona katika kisa kizima. Lavingia hakuacha kusimamia. Usimamizi aliuweka mwanzoni mwa kazi, katika kuiandika, na mwishoni, katika kuipokea. Katikati akapaacha wazi, mtu afanye saa tisa usiku au saa nne asubuhi, akiwa amevaa anachotaka. Wengi wetu tunafanya kinyume chake kabisa. Mwanzoni tunatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili tukiwa kwenye foleni ya magari. Mwishoni tunaipokea kazi kwa kuitupia jicho kwenye simu. Nguvu zote tunazimalizia katikati: "Umefikia wapi?" asubuhi, "Vipi, bado?" mchana, na usiku simu isiyopokelewa.

Chukua duka la nguo la Kariakoo linalouza pia kupitia Instagram. Idd imekaribia, mwenye duka anamwandikia mbunifu: nitengenezee posta kali za Idd, haraka. Mbunifu analeta posta tatu nzuri, za wima, zenye mwezi na nyota na maneno ya Kiingereza. Mwenye duka alitaka za mraba, zenye bei na namba ya simu, na picha za madira yake mapya ambazo hakuzituma. Wanarudishiana kazi mara sita. Mbunifu anaona ameonewa kwa sababu amefanya kazi tatu kwa bei ya moja, na mwenye duka anaona mbunifu hajui kazi. Hakuna aliyekosea ufundi.

Ukiiandika kwa namna ya Gumroad, kazi hiyo inakuwa hivi: posta tano za mraba, pikseli 1080 kwa 1080, kwa ajili ya Instagram, picha za nguo ziko kwenye folda hii, kila posta iwe na bei kwa shilingi na namba hii ya simu, lugha ni Kiswahili, tutumie kwanza mifano miwili, tuchague mmoja, ndipo ufanye zote, marekebisho ni raundi mbili, yakizidi yanalipiwa, anayekubali kazi ni dada wa dukani peke yake, si mume wake wala shemeji. Hicho kipengele cha mwisho watu hukisahau. Posta iliyopitishwa na watu wanne ina mabosi wanne, na frilansa hana namna ya kujua nani mwenye neno la mwisho.

Ipo sehemu nyingine ya kisa ambayo wanaoshabikia uhuru wa Gumroad huiruka: viwango vya malipo. Mwaka 2021 kiwango cha chini kilikuwa dola 50 kwa saa, kwa huduma kwa wateja, na cha juu dola 250, kwa mkuu wa bidhaa. Huyo mkuu wa bidhaa alikuwa Daniel Vassallo, aliyetoka Amazon, na alifanya kama saa kumi kwa wiki. Lavingia alikuwa pia ameanza kusawazisha viwango dunia nzima, ili aliyeko India na aliyeko Marekani walipwe kwa kazi, bila kuangalia mahali wanapoishi.

Malipo ya namna hiyo yanafanya kazi ambayo simu ishirini hazifanyi. Frilansa ana wateja wanne au watano, na kila asubuhi anaamua aanze na nani. Anaanza na anayelipa vizuri, kwa wakati, bila kumsumbua. Ukilipa kidogo, ukachelewesha, halafu ukasema unampa uhuru, umejiweka mwisho wa orodha yake, na kimya unachokiona ni majibu ya hesabu hiyo. Sisemi muuza nguo alipe dola 50 kwa saa. Nasema awe wa kwanza au wa pili kwa ubora kati ya wateja wa huyo mtu, na kulipa siku ileile kazi inapokubaliwa ni ubora usiogharimu hata senti moja zaidi.

Mambo ya makaratasi ni machache, ingawa ndiyo yanayovunja urafiki. Tanzania anayelipia huduma anatakiwa kukata kodi ya zuio: asilimia 5 kwa mtoa huduma mkazi, 15 kwa asiye mkazi. Mbunifu wa Nairobi aliyekubali shilingi milioni moja akipokea 850,000 atadhani amedhulumiwa, kwa hiyo semeni mapema kama bei ni kabla au baada ya makato. Akaunti zote, ukurasa wa Facebook, jina la tovuti, folda za picha, zifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, na frilansa apewe ruhusa ya kuingia inayoweza kuondolewa. Ukimwachia afungue yeye kwa namba yake, siku mkikosana duka lako liko mfukoni mwake.

Na haki za kazi ziandikwe. Watu hudhani aliyelipa ndiye mwenye mali, lakini sheria za nchi hazifanani. Marekani mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mchongaji James Earl Reid, aliyefanya makubaliano ya mdomo na shirika la kutetea wasio na makazi ili alichongee sanamu. Mahakama ilisema Reid hakuwa mwajiriwa wa shirika, kwa hiyo hakimiliki haikuangukia kwa shirika kwa sababu tu lilimwagiza kazi na kuigharamia. Sentensi moja ya maandishi ingewaepusha na safari yote hiyo.

Turudi Gumroad, maana mfumo ule ulikuwa na gharama, na Lavingia mwenyewe hakuzificha. Hapakuwa na ngazi ya kupanda cheo. Hapakuwa na mikusanyiko ya wafanyakazi wala vijiwe vya soga katika Slack. Kampuni haikuweza kushindana na vifurushi vya malipo vya kampuni kubwa za teknolojia. Anayependa kazi iwe pia jamaa zake alikuwa amefika pasipo pake.

Gharama nyingine haikukaziwa sana, nami naiona kubwa kuliko zote. Mfumo wa kuchagua kazi kwenye foleni na kujiongoza unawafaa watu waliokwisha kuiva. Vassallo alikuja na miaka ya uzoefu wa Amazon. Uzoefu huo ulilipiwa na mwajiri mwingine, kwa mishahara, vikao na mabosi walewale ambao Gumroad ilijivunia kutokuwa nao. Kijana aliyemaliza chuo juzi akiingizwa kwenye foleni kama ile ataelea wiki mbili halafu ataacha kujibu. Biashara ya hapa, ambayo haina bajeti ya kununua mtu aliyeiva, itakutana zaidi na huyo kijana. Basi ijue kwamba kumfundisha ni sehemu ya gharama, iweke simu ya nusu saa kila wiki mwanzoni, na wala isione aibu kwamba imevunja kanuni ya kutokuwa na vikao. Kwa kumpima mtu mpya, njia nzuri ni kazi ndogo halisi inayolipiwa. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya huduma ya kutengenezea tovuti ya WordPress.com, ilijulikana kwa kuwapima waombaji wake hivyo, kwa dola 25 kwa saa, kabla ya kuwaajiri. Kuomba sampuli ya bure kunawafukuza wazuri na kukuachia wenye njaa.

Mfumo ule pia ulikaa juu ya bidhaa iliyokwisha kusimama. Tovuti ilikuwa na miaka kumi, wauzaji wapo, mapato yanaingia hata mhandisi akilala wiki nzima. Anayefungua biashara mwezi ujao, au mwenye tarehe isiyosogea kama Idd, uchaguzi au ufunguzi wa shule, hawezi kufuta tarehe za mwisho. Gumroad yenyewe haikuzifuta zote: tarehe za kodi zilibaki palepale.

Upo na upande wa frilansa. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Marekani ya Scale AI lililowapa watu kazi ndogondogo za kufundishia akili mnemba, lilifunga huduma zake Kenya. Watu waliokuwa wamejenga riziki juu yake walijulishwa kwa barua pepe. Kisheria mahusiano ya kujitegemea yanaweza kukatwa hivyo, na kila frilansa wa Nairobi aliyeyaona yale sasa anakupima wewe kwa mizani hiyo. Ukitaka akupe umakini wake, mwambie mapema kazi itaendelea hadi lini na mkiachana utampa taarifa ya siku ngapi. Ukisema wiki mbili, ziwe wiki mbili.

Nimeliacha mwisho jambo lililonivutia na kunitatiza kuliko yote. Gumroad ilikuwa na kanuni ya malipo iliyopinduliwa: mtu akivuka saa 20 kwa wiki, saa zinazofuata zinalipwa nusu. Mwenye dola 100 kwa saa akifanya saa 20 anapata 2,000. Akifanya 40 anapata 3,000, yaani wastani wa 75. Sheria ya kazi ya Tanzania inakwenda upande mwingine, kwani saa za ziada za mwajiriwa hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida.

Mantiki ya Lavingia naielewa. Saa za kwanza ndizo zenye akili mbichi na kazi yenye thamani kubwa, basi zilipwe sana. Anayetaka kuendelea aendelee, lakini asiwe na faida ya kurefusha kazi. Kwa mwenye kampuni anayelipa kwa saa bila kuona mtu akifanya kazi, hilo linaziba tundu la kale la saa za kubuni, na linaziba bila programu ya kupiga picha za skrini. Hizo programu mimi sizipendi. Upwork, jukwaa la kutafutia mafrilansa, ina moja inayochukua picha kila sehemu ya dakika kumi kwa kazi za kwa saa, na inachothibitisha ni kwamba kompyuta ilikuwa imewashwa na kitu fulani kimefunguliwa.

Lakini kwetu kanuni ya nusu bei ingegonga ukuta. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004 kinaorodhesha dalili za kumtambua mwajiriwa, na ikionekana mojawapo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake: kudhibitiwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kumtegemea kiuchumi mtu mmoja, kupewa vifaa vya kazi, na kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Frilansa wa saa 20 kwa wiki anazivuka kabla wiki ya tatu haijaisha. California nayo, tangu Januari 2020, inamtaka anayetoa kazi athibitishe kwamba mtu anajitegemea kweli, tena kwa vigezo vikali.

Kwa hiyo mwenye biashara wa Dar es Salaam aliye na mbunifu wake yuleyule kila siku, anayemjibu saa mbili asubuhi, anayetumia kompyuta ya ofisi na asiye na mteja mwingine, ana mwajiriwa, hata akimwita frilansa kwenye kila invoisi. Nusu bei isingemsaidia, ingeongeza ushahidi tu. Badala yake ningeweka ukomo wa saa kwa wiki kwa kila kazi, na zaidi ya hapo ziombewe ruhusa kwa maandishi kabla hazijafanywa. Akionekana anafikia ukomo kila wiki, miezi mitatu mfululizo, kazi yake imeshakuwa nafasi kamili: mpe mkataba wa ajira, mwandikishe NSSF, na foleni ya kazi mwachie yeye aiandike kwa ajili ya frilansa anayefuata.